Zumu inayojikunja ndani ya kamera ya milimita 20: tuzungumze uhandisi wake

Kiooangavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kamera ndogo za dijitali za miaka ya 2000 zimerudi kwa kasi, vijana wanazisaka kwenye mitumba kwa sababu ya ile rangi yake. Kila nikipita kwenye mijadala nakuta watu wanabishania megapikseli na fleshi. Kitu kilichowatoa jasho wahandisi kuliko vyote hakitajwi kabisa, nacho ni lenzi.

Chukueni Pentax Optio S ya mwaka 2003. Unene wake milimita 20. Ukiwasha, zumu ya mara 3 inachomoza mbele. Ukizima inarudi yote ndani, kifuniko kinajifunga, na nyuma yake bado kuna kihisi (kile kipande kinachopokea mwanga mahali pa filamu), saketi na skrini. Ilisifika kwa kuingia ndani ya kopo la bati la peremende. Sasa swali la uzi huu: ile lenzi inakwenda wapi?

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Wembamba ule haukuja bure kwa kuwa kihisi ni kidogo. Umenunuliwa, na bei yake ni usahihi wa maikroni chache (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita) ambao lazima upatikane upya kila unapobonyeza kitufe cha kuwasha.

Kihisi kwanza. Kamera nyingi za aina hii zina kihisi cha daraja la 1/2.3, yaani milimita 6.17 kwa 4.55. Fremu ya filamu ya kawaida ni milimita 36 kwa 24. Ukilinganisha mishazari yake (kona hadi kona), hicho kidogo ni mara 5.6 chini. Kwa hiyo pembe ile ile ya picha inayohitaji lenzi ya milimita 28 (huo ni urefu wa fokasi; ukiwa mfupi picha inachukua eneo pana) kwenye filamu, hapa inahitaji lenzi ya milimita 5. Ukipunguza lenzi nzima mara 5.6 kila upande, ujazo wake unashuka zaidi ya mara 170. Hiyo ndiyo sehemu rahisi ya hesabu.

Ugumu unaanzia hapa. Kamera za mfukoni za filamu zenye zumu zilikuwepo tangu Pentax Zoom 70 ya 1986, na nyingi katika kizazi kile zilitumia mpango rahisi: kundi la lenzi za kukusanya mwanga mbele, kundi la kutawanya nyuma. Kioo cha nyuma kinaweza kukaa karibu kabisa na filamu na hakuna anayelalamika, maana filamu inapokea mwanga hata ukija kwa mshazari mkali. Kihisi cha dijitali hakitaki hivyo. Kila pikseli iko chini kidogo, ndani ya kishimo chake, ina kilenzi chake juu, na mbele ya vyote kuna vipande vya kioo vya kuchuja mwanga. Miale ikija kwa kulala, kona za picha zinaingia giza na rangi zinayumba. Miale inatakiwa ifike ikiwa karibu wima.

Ndiyo maana wahandisi wakageuza mpango. Kwenye zumu nyingi za mara 3, kundi la mbele ni la kutawanya (mbonyeo), la pili ni la kukusanya (mbinuko), na kuna la tatu dogo, la kukusanya pia, karibu na kihisi. Hilo la tatu ndilo linalonyoosha miale, na mara nyingi ndilo linalosogea kutafuta fokasi. Gharama yake ni kwamba lenzi ya milimita 5 inakuwa ndefu mara kadhaa kuliko hizo milimita 5, na sehemu kubwa ya urefu huo ni hewa tupu kati ya kundi na kundi.

Jibu la swali basi: kinachokunjwa ukizima kamera ni hewa. Makundi yanasogezwa mpaka yakaribie kugusana, na kinachobaki ni jumla ya unene wa vioo vyenyewe. Nitaendelea, karibuni.

---

Dada Picha

Mkuu nimeshika hapo hapo kwenye milimita. Kamera yangu mbele imeandikwa 5.0-20.0mm, lakini kwenye boksi wameandika 28-112. Ipi ya kweli?

---

Kiooangavu

Zote. Ya kwenye lenzi ndiyo urefu halisi wa fokasi. Ya kwenye boksi ni kukuambia pembe ya picha ni sawa na ambayo ungeipata kwenye filamu ukiwa na lenzi ya 28 hadi 112. Wauzaji wanapenda hiyo ya pili kwa sababu ni kubwa.

---

Fundi Bisibisi

Wakuu mimi nafungua hizi kitu kila wiki pale mjini, niwape yaliyomo ndani.

Ukitoa mfuniko na skrini, ukainua kihisi (angalia vipande vyembamba vya chuma chini ya skrubu zake, usivichanganye, kila skrubu na chake), unakutana na mitungi ya plastiki ngumu iliyoingiliana, mara nyingi mitatu. Mtungi mmoja unazungushwa na kimota kidogo kupitia gia nne au tano nyeupe. Ukiutoa ukautazama kwa ndani utaona mifereji imechongwa kwa mshazari. Kila kundi la lenzi lina pini tatu zinazokaa kwenye mifereji hiyo. Mtungi unazunguka, pini zinapanda au kushuka, lenzi inasogea. Mota haijui kitu kinachoitwa zumu, inazungusha tu. Akili yote iko kwenye umbo la mfereji.

Sasa kuna jambo sijawahi kuelezwa na mtu. Mfereji wa kundi la pili unapanda moja kwa moja. Wa kundi la mbele unashuka kwanza, halafu unapanda tena. Ukivuta zumu taratibu huku unaitazama kwa upande unaona lenzi ya mbele inarudi ndani kidogo, halafu inatoka. Wateja wananiambia imeharibika, nawaambia zote ziko hivyo. Ila kwa nini?

---

Kiooangavu

Fundi, heshima kwako, umegusa roho ya zumu.

Kazi ya kubadilisha ukubwa wa picha inafanywa na kundi la pili. Likisogea mbele, picha inakuzwa. Lakini likisogea tu peke yake, picha haiangukii tena kwenye kihisi, inaangukia mbele au nyuma yake. Kundi la mbele linasogea ili kuirudisha mahali pake. Ukipiga hesabu ya marekebisho hayo, unapata mstari uliopinda: kutoka upana (zumu haijavutwa) kwenda katikati kundi la mbele linarudi nyuma, kutoka katikati kwenda mvuto wa mwisho linakwenda mbele. Ule mfereji unaouona ni hiyo hesabu yenyewe, imechongwa kwenye plastiki.

Na tazama kipande cha mwanzo cha mfereji, kabla hujafika kwenye upana. Kile kina mwinuko mkali sana na hakina kazi yoyote ya picha. Kazi yake ni kutoa lenzi usingizini na kuirudisha.

Jambo jingine: zumu hizi hazitunzi fokasi barabara ukivuta. Mhandisi wa lenzi ya sinema angekataa. Kwenye kamera hii inakubalika, maana baada ya kuvuta, kamera inatafuta fokasi yenyewe kabla ya kupiga. Hapo tayari mzigo mmoja umehamishwa kutoka kwenye kioo kwenda kwenye programu, na haukuwa wa mwisho.

---

mtoto_wa_likoni

Ndugu, huku kwetu Mombasa shida ni moja: mchanga. Mtu ashuka ufuoni na kamera mpya, jioni yaandika hitilafu ya lenzi na yabaki imetoa ulimi nje. Yangu iliniharibikia hivyo ikiwa ndani ya dhamana, nikaambiwa mchanga si kasoro ya kiwandani. Kampuni siitaji.

Nauliza, kwani hakukuwa na njia ya kutotoa lenzi nje kabisa?

---

Kiooangavu

Ilikuwepo, na ilitangulia hata hiyo Optio S. Minolta walitoa DiMAGE X mwaka 2002, nayo milimita 20, zumu ya mara 3, na hakuna kinachochomoza. Siri yake ni mche wa kioo. Mwanga unaingia kwa kioo cha mbele, unakutana na mche, unageuzwa nyuzi 90 na kushuka chini ndani ya bodi. Makundi ya zumu yanapanda na kushuka humo humo ndani, kihisi kimelala chini. Kwa hiyo urefu wa lenzi haukutokana na unene wa kamera, ulitokana na kimo chake, na kimo kilikuwepo cha kutosha. Sony wakafuata njia hiyo kwenye Cyber-shot T1 mwaka 2003, na Panasonic kwenye Lumix TZ1 ya 2006 wakaitumia kupata mvuto wa mara 10.

Ila mche unadai chake. Ni kioo kinene, kinakula nafasi, na upana wa mwanga unaoweza kupita unabanwa na unene wa bodi. Ukitaka lenzi angavu zaidi, mche unanenepa na kamera inanenepa nayo. Ukitaka pembe pana zaidi, vivyo hivyo. DiMAGE X ilianzia kwenye pembe ya milimita 37, na siyo kwamba hawakupenda 28.

---

Kibonge_dsm

Yaani kumbe hizi simu za "periskopu" ni kitu cha 2002? Na watu walishangilia Huawei P30 Pro utadhani wamegundua moto.

---

Kiooangavu

Wazo ni lile lile, kupinda mwanga na kuilaza lenzi ndani ya bodi. P30 Pro ya 2019 ilikuwa na mvuto mmoja tu uliosimama, wa mara 5, halafu katikati ya kamera moja na nyingine programu inajaza. Zumu inayosogea kweli ndani ya simu ni kazi nyingine. Sony waliifanya kwenye Xperia 1 IV mwaka 2022, kutoka 85 hadi 125 kwa hesabu ya boksi. Ni safari fupi sana ya zumu, na hiyo inakuonesha ugumu ulipo.

---

Mzee Rola

Vijana mnasifia sana. Mimi nilipiga filamu miaka mingi na nasema wazi: kamera hizi ukivuta mpaka mwisho picha inakuwa uji. Lenzi inaandika 5.9. Huo ni uhandisi gani?

---

Kiooangavu

Shikamoo mzee. Unachosema ni kweli na kina sababu.

Tundu la kupitisha mwanga linasafiri na kundi la pili. Ukivuta, kundi hilo linakwenda mbele, mbali na kihisi. Tundu lenyewe halijabadilika lakini sasa kihisi kinaliona kwa mbali, dogo, ndiyo f/2.8 inageuka f/5.9 (namba ya f ikipanda, mwanga unaopita unapungua). Kuizuia isishuke ungehitaji vioo vipana zaidi mbele, na mitungi mipana, na hapo mfuko umekwisha.

Halafu kuna asili ya mwanga wenyewe. Nukta haiwi nukta baada ya kupita kwenye tundu, inakuwa kiduara. Kipenyo chake kwa mwanga wa kijani, tundu likiwa f/2.8, ni maikroni 3.8 hivi. Kwenye f/5.9 ni karibu maikroni 8. Pikseli ya kihisi cha megapikseli 16 cha ukubwa ule ina upana wa maikroni 1.34. Kwa hiyo nukta moja inalala juu ya pikseli karibu sita kwa upana, hata lenzi ingekuwa kamilifu. Ule uji mzee, sehemu kubwa ni fizikia, na aliyeongeza megapikseli juu ya lenzi ile alijua.

Ndiyo sababu nyingine utakuta kamera ndogo nyingi hazina kabisa panga za kufunga tundu. Kufunga zaidi kungeharibu picha. Jua likiwa kali, kinashuka kichujio cha kijivu mbele ya mwanga, basi.

---

Mzee Rola

Marahaba. Hapo umenijibu. Lakini hiyo 16 waliiweka ya nini basi?

---

Kibonge_dsm

Ya kuuzia mzee.

---

Kiooangavu

Nirudi kwenye Optio S maana niliahidi.

Nilisema ukikunja hewa kinachobaki ni unene wa vioo. Ukitaka wembamba zaidi ya hapo, lazima upunguze kioo. Njia ya kwanza ni kutumia vioo vichache vinavyofanya kazi zaidi. Kioo cha kawaida kinachongwa kwa umbo la tufe kwa sababu tufe ndilo rahisi kusaga, lakini tufe halikusanyi miale ya pembeni na ya katikati mahali pamoja. Zamani kasoro hiyo ilirekebishwa kwa kuongeza vioo. Uso usio wa tufe unaimaliza kwa kioo kimoja, shida ni kuutengeneza kwa wingi. Kinachofanyika ni kupasha moto kipande cha kioo mpaka kilainike, kisha kukigandamiza kwenye kalibu ngumu iliyochongwa kwa usahihi wa chini ya maikroni. Kioo kikipoa kinasinyaa, kwa hiyo kalibu inachongwa makusudi ikiwa na umbo tofauti kidogo na linalotakiwa. Kodak walishatumia vioo vya kugandamizwa kwa wingi kwenye kamera zao za Disc mwaka 1982. Bila teknolojia hiyo hakuna kamera ya mfukoni ya dijitali. Ongeza na vioo vyenye madini ya lanthanamu vinavyopinda mwanga kwa nguvu zaidi, ambavyo vinaweza kuwa vyembamba na bado vikafanya kazi.

Njia ya pili ndiyo ya Pentax, na mimi naiona ni ya kishujaa. Walisema: kwa nini vioo vyote vilale kwenye mstari mmoja kamera ikizimwa? Ukizima, kundi moja la lenzi linatoka kwenye mstari na kupanda juu, yaliyobaki yanakaribiana kuziba nafasi yake. Casio nao walitumia lenzi hiyo ya Pentax kwenye Exilim Z3.

Fikiria sasa maana yake. Nilisema ukipunguza lenzi mara 5.6, vyote vinapungua. Vyote, pamoja na makosa yanayovumilika. Kama lenzi kubwa inavumilia kioo kikae pembeni kwa maikroni 20, hii ndogo inavumilia 3 na nusu tu. Unywele wa kichwani ni kama maikroni 70. Na wao wameamua kulitoa kundi zima kwenye mstari na kulirudisha, kila ukiwasha, kwa kijisprini na kizuizi, miaka nenda rudi. Kwenye zumu ya kawaida kioo angalau hakiachi mstari wake.

---

Fundi Bisibisi

Nikazie hapo. Kamera ikianguka, mara nyingi lenzi inawaka na kuzima vizuri kabisa, mteja anaona imepona. Piga picha ukutani: kushoto kumekolea, kulia kumefifia. Hapo kundi moja limehama. Na dawa yake kwa mtaani hakuna. Wengine wanazungusha skrubu za kihisi wakijaribu kusawazisha, unapata afadhali kwenye upana, ukivuta inaharibika upande wa pili. Nabadilisha lenzi nzima kama nina kamera ya kuchinja, yaani mbovu ya kutolewa vipuri.

Na gundi zile msizitoe. Kiwandani kuna kioo kimewekwa kwa kupimwa huku kinatazamwa kwenye mashine, kisha kikagandishwa na gundi inayokauka kwa mwanga. Ukikibandua, hata ukikirudisha kwa mkono mtulivu kiasi gani, hakirudi.

---

Dada Picha

Nina swali kuhusu mistari kupinda. Nilipiga jengo kwa Panasonic LX3, nikafungua faili ghafi (picha kabla kamera haijaichakata) kwenye programu moja ya bure, kuta zimevimba kama nini! Lakini JPEG ya hiyo hiyo picha imenyooka. Nimeibiwa?

---

Kiooangavu

Hujaibiwa. LX3 ni ya 2008, lenzi ya 24 hadi 60 kwa f/2.0-2.8. Walijua kwamba lenzi ya upana ule, angavu vile, ikinyoosha mistari kwa vioo peke yake itakuwa kubwa. Wakaiachia ivimbe, kamera ikanyoosha kwa hesabu kabla ya kuandika JPEG. Canon S90 ya 2009 nayo vivyo hivyo. Mwaka huo huo Adobe wakatoa toleo la 1.3 la DNG, muundo wao wa faili ghafi, ambalo faili lenyewe linabeba maelekezo ya kunyoosha, na programu inayoyasoma inakuonesha picha iliyonyooka. Hiyo ya bure haikuyasoma, basi.

---

Mzee Rola

Mimi huo naita ulaghai. Lenzi ni lenzi.

---

Kiooangavu

Mzee, nitakubali nusu. Kunyoosha kwa programu kunavuta pikseli za kona, na pikseli iliyovutwa haiongezi undani, kwa hiyo kona zinapoteza ukali. Kama lenzi ilikuwa dhaifu kona tangu mwanzo, unaona. Lakini mhandisi akisamehewa mistari kupinda, ule uhuru anauhamishia kwenye kasoro ambazo programu haiziwezi: kufifia na miale ya pembeni kutokutana. Mistari iliyopinda inanyooka kwa hesabu. Picha iliyofifia kwa kukosa undani hairudi. Kwa jicho langu biashara hiyo ilikuwa na faida.

Angalia Sony RX100 ya 2012. Kihisi cha milimita 13.2 kwa 8.8, lenzi halisi ya 10.4-37.1 yenye f/1.8-4.9, unene wa kamera milimita 36. Kisha RX100 ya tatu wakafupisha zumu iwe 24-70 kwa hesabu ya boksi ili ibaki angavu, f/1.8-2.8. Ya sita wakairefusha hadi 200, tundu likaanzia f/2.8 na kamera ikafika karibu milimita 43. Kila toleo linakuonesha wamechukua wapi na kulipa wapi. Mimi ningebaki na ya tatu, lakini najua wapiga ndege hapa hawatanielewa.

---

mtoto_wa_likoni

Basi mtu akiwa sokoni ataka kununua mtumba, aangalie nini kwenye lenzi? Muuzaji hatakupa siku nzima.

---

Fundi Bisibisi

Washa na uzime mara kadhaa, huku umeweka sikio. Sauti iwe moja, laini. Ukisikia ikikwaruza au ikisita katikati, kuna mchanga au jino la gia limeondoka. Kamera ikiwa imewashwa, gusa mtungi wa mbele kwa kidole, mtungi ucheze kidogo tu. Ukiyumba sana, pini imeruka mfereji.

Halafu tafuta ukuta wa matofali au ukurasa wa gazeti, simama wima mbele yake, piga picha tatu: upana, katikati, mwisho. Kuza kwenye skrini uangalie kona nne. Kona zote kufifia kidogo sawasawa ni kawaida. Moja au upande mmoja kufifia peke yake, rudisha.

Na zile za mche kama DiMAGE X usiziogope kwa mchanga, ila tazama kwa tochi ndani ya kioo cha mbele. Ukungu ukiingia kwenye mche, kuufikia ni kubomoa kamera yote.

---

Dada Picha

Nimejaribu ukuta wa jikoni sasa hivi. Kona ya chini kulia imefifia, zingine safi. Na nakumbuka iliwahi kudondoka kwenye daladala. Fundi, una lenzi ya kuchinja ya LX3?

---

Fundi Bisibisi

Ninayo moja, skrini yake imepasuka lenzi haijaguswa. Nitumie ujumbe binafsi, usiifungue mwenyewe.